Siku Ishirini na Moja Zangu

Jumatatu, 3 Machi
Leo msimamizi wetu wa dobi hotelini amegawa zile fomu. Visanduku viwili: kwenda likizo, au kuiuzia hoteli siku zako. Ninazo ishirini na moja, sijazigusa tangu mwaka juzi! Mchana kutwa nimesimama kwenye pasi ya mvuke, fomu mfukoni, nawaza kulala tu. Kulala!

Mume wangu hata hakufikiri. Uza, mke wangu, tupate mashine ya pili ya kuchomelea, mwakani tutapumzika wote. Mwakani! Wimbo huo huo mwaka wa sita sasa.

Jumatano, 5 Machi
Nimeweka tiki kwenye "kwenda". Nyumbani nikasema nimeuza. Alifurahi mpaka akanipikia chai mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi
Likizo, siku ya kwanza. Nimeamka alfajiri, nimevaa sare, nimebeba chakula cha mchana, nimeaga. Kazi njema, akasema. Haya, na wewe.

Moja kwa moja kwa dada yangu. Alicheka mpaka akakaa chini — mtu mzima unatoroka kama mwanafunzi! Nikajilaza kwenye kochi lake. Saa nne nimefumbua macho, nakuta rundo la nguo za wanawe. Saa sita nilikuwa nimeshika pasi. Hakuna aliyeniomba! Najichukia.

Kabla ya kurudi nikapitia bombani, nikajilowesha mgongo ionekane jasho. Pole na kazi, akaniambia mlangoni. Nikajibu nimeshapoa.

Jumamosi, 15 Machi
Siku ya kufua. Ovaroli ya mume wangu fundi imetakata kwa maji ya kwanza, sabuni mpya si mchezo. Magotini tu kuna madoa ya majani, yamegoma kutoka.

Mezani ni mashine, mashine, mashine. Ameshamwambia muuzaji amwekee, mwisho wa mwezi hela za likizo zinaingia. Nikasema mchuzi una chumvi, nikainuka. Haukuwa na chumvi.

Jumatano, 19 Machi
Kwa dada kuna wageni, nikakosa pa kwenda. Saa nne asubuhi, mtu na sare yake, anazurura! Nikasema nipite karakana ya mume wangu, nimwone kwa mbali tu.

Kufuli.

Jirani yake, fundi viatu, hata hakuinua macho. Jumatatu na Jumatano hafungui mpaka mchana, akasema, mtafute uwanjani.

Nikaenda. Timu ya mtaa iko mazoezini, na mume wangu yuko nyuma ya goli, peku, ovaroli ameivua hadi kiunoni. Anaokota mipira na kuwarudishia. Mmoja ukampita, akapiga magoti kwenye majani, akacheka meno yote nje! Bwana Mwakani mwenyewe! Nilijibanza ukutani kwa hasira. Na mimi niliyekufa kwa aibu siku kumi!

Apumzike, sikatai. Kinachoniuma ni kwamba anapumzika bila mimi. Kicheko kile nyumbani sikijui tena. Na sina hata haki ya kufoka. Nikimuuliza alikuwa wapi saa nne, ataniuliza nilimwona nikiwa wapi.

Jioni, pole na kazi. Pole na wewe. Akasema leo vyuma vilikuwa vigumu. Nikasema shuka nazo zilikuwa nyingi. Tukala, kila mtu na uchovu wake.

Jumatatu, 24 Machi
Asubuhi. Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati, mlango wa chumba uko wazi kidogo. Sare nimevaa. Yeye yuko sebuleni, begi la vifaa begani, hatoki.

Tangulia, mke wangu, utachelewa.

Tangulia wewe, nikamwambia, wateja wasije wakakuta kufuli.

Sijui kwa nini nimesema kufuli! Lilinitoka tu.

Amelishusha begi. Akauliza polepole, bila kunitazama, kama zile hela za likizo zimeshaingia. Nikamwambia ovaroli yake ina majani magotini, nimeyasugua mpaka nimechoka.

Saa mbili na nusu sasa. Sijasikia mlango. Nimechungulia — amekaa kitini, amevua kiatu kimoja, anaitazama miguu yangu mlangoni, kama anasubiri nami nivue.