Chai ya Mama Wacera

Kawangware, 4 Machi 1974

Kwa Shangazi Sitelbanat,

Salaam aleikum. Natumai goti limeacha kukusumbua. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sijui.

Hii nakwambia wewe tu. Kazi ya kumsaidia Mama Wacera ukunga inanishinda. Mama akishikwa na uchungu, mimi ndiye ninalia. Jana Mama Wacera aliniuliza mbele ya watu, "Fatna, kwani ni wewe unazaa ama ni huyu?" Wote wakacheka, hata mwenye uchungu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Leo mtoto alizaliwa bila kulia. Nilikimbia nikajificha nyuma ya tangi la maji. Niliporudi, Mama Wacera alikuwa ameshamfunga kwa shuka nyeupe, yuko jikoni anakunywa chai. Chai, Shangazi! Kama moyo wa kazi hii ndio huo, mimi siutaki. Mwisho wa mwezi narudi nyumbani.

Mwanao,
Fatna


Kibera, 7 Machi 1974

Fatna mwanangu,

Aleikum salaam. Goti ni lile lile, lakini mdomo mzima.

Unajua mimi ndiye naosha maiti wa kike hapa kwetu. Hujawahi kuniuliza naweza vipi. Mara ya kwanza nilitapika, na marehemu mwenyewe ni jirani tuliyekuwa tumenuniana naye. Aliyenifundisha aliniambia nisishindane na machozi. Yangoje tu, mikono ifanye kazi kwanza. Mpaka leo nikifika nyumbani nakata vitunguu, nalia vizuri, na hakuna anayeniuliza kitu.

Mama akishikwa, msugue mgongo, angalia mikono yako. Halafu Ijumaa njoo tule, unililie mpaka uchoke. Na chai ya huyo mama usiihukumu.

Shangazi yako


Kawangware, 2 Aprili 1974

Shangazi mpenzi,

Salaam nyingi. Asante kwa zile Ijumaa zote, na samahani kwa leso niliyoilowesha.

Jana alikuja Wangoi, mimba ya kwanza. Nilimsugua mgongo mpaka mikono ikafa ganzi. Machozi yalikuja, nikayaambia ngojeni, yakangoja! Mtoto wa kike akatoka akipiga kelele. Furaha ikanishinda, nikapiga vigelegele vya kwetu Kibera, vile vya arusi, mpaka pumzi ikaisha.

Kumbe Wakikuyu wanahesabu: vitano ni mvulana, vitatu ni msichana. Naftaly, baba mtoto, alikuwa nje anahesabu. Alipopita kumi akakimbia kwa majirani, akarudi na blanketi tatu. "Wako wangapi huko ndani?"

Mama Wacera alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia polepole, kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno, kwamba tangu yule mtoto wa Machi hakuwa amecheka. Na ile chai, hakuwa na hamu nayo. Alitaka tu kikombe cha kushika, kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka.

Nikaenda nikatutengenezea chai. Nitakuja Ijumaa nikueleze yote.

Mwanao,
Fatna


Kibera, 6 Aprili 1974

Fatna,

Aleikum salaam. Ogola wa maziwa ameniambia jana kulikuwa na akina mama wawili hapo, na wewe ulikuwa unakimbia na beseni la maji moto, hata salamu hukumwitikia.

Nilikungoja mpaka chakula kikapoa. Mwisho wa mwezi nao umepita na kurudi hukusema. Basi nilikula peke yangu, sehemu yako pia, na nilishiba vizuri sana.

Vitatu kwa msichana, usisahau.

Shangazi yako