Maua Aliyoyataka Agnesi

Shoga yangu Vero,

Agnesi wako ameolewa. Najua ungetaka kwanza kusikia gauni lilikuwaje, lakini ngoja nianze na maua, maana ndiyo yaliyonihangaisha.

Tangu ututoke, mumeo akiulizwa lolote la harusi anajibu, "Muulizeni Mama Rukia." Basi mimi, Mwislamu nisiyewahi kukanyaga kanisani kwenu, nikakabidhiwa maua. Agnesi akaniambia, "Mamdogo, nataka maua ya kweli. Ya plastiki sitaki." Tukaenda Usagara kwa muuza maua. Waridi zake zinashushwa kutoka Lushoto, na kwa bei ile shada moja lingemeza nyama yote ya pilau. Tukarudi mikono mitupu.

Unanijua, jambo likinikaa kichwani halitoki. Nikataka kujua: katika maua yanayoota bure mitaani kwetu, lipi litastahimili joto la Tanga kutwa nzima? Nikachuma kila aina, nikayapanga dirishani kwenye glasi za maji. Boganvilia ilinyauka hata adhuhuri haijaadhiniwa. Asumini, ile tuliyokuwa tukiitunga makoja huku ukivicheka vidole vyangu vizito, ikageuka kahawia. Lililobaki bichi ni lile jeupe lenye kiini cha njano.

La makaburini, Vero. Nililichuma kwenye mti ulio kichwani pako. Hivi nani aliupanda? Nimemuuliza mlinzi, hajui. Nimemuuliza mzee wa kanisa, naye hajui.

Wanawake wa jumuiya yenu waling'aka. "Bibi harusi ashike maua ya kaburini? Si mkosi huo!"

Agnesi akalichukua lile ua, akalinusa. "Mama yangu yuko chini ya mti wa ua hili," akasema. "Siku ya harusi yangu ndiyo nimkwepe?"

Mimi nilikwenda jikoni, nikajifanya naangalia chai.

Asubuhi ya harusi tulichuma kapu tele. Nikamtungia shada, na koja la mlangoni. Kanisani nilikaa benchi la nyuma nikishangaa kila kitu: mbona mara wanasimama, mara wanapiga magoti? Na ubani! Kumbe padri naye anafukiza kama sisi nyumbani. Ungekuwepo ningekuuliza mpaka ukanifinya. Agnesi alipopita, harufu ya maua yale ikaushinda ubani. Yule mama aliyeng'aka kuliko wote akaniinamia sikioni, akaniomba moja la kuchomeka kwenye kilemba.

Mumeo alilia. Kidogo tu, halafu akala vizuri.

Sasa Agnesi yuko Horohoro, mumewe anafanya kazi pale mpakani. Jana kanipigia kuniuliza wali wa nazi unaungua kwa nini. Tumeongea mpaka salio likaisha.

Pumzika, shoga yangu. Simu ya mwanao ikiita, saa yoyote ile, mimi nitapokea.

Wako,
Mama Rukia