Ng'ombe aliyebaki

Ukunda, Jumatano

Shikamoo Mama,

Mvua imeshika, na banda la gemu la kaka Salimu ni tupu. Mashine ya gemu uliyomnunulia kwa kuuza ng'ombe haijatimiza mwaka, na kampuni shindani imeshatoa nyingine, jirani anayo bandani kwake. Picha zake ni maajabu, hata jasho la wachezaji linaonekana. Vijana wanapita wakimtania Salimu, "Bro, yako peleka makumbusho!" Anacheka, kisha anaifunika kwa leso yako.

Jana aliniambia, "Nikiipata ile mpya, watarudi."

"Na kampuni ikitoa nyingine tena?" nikamuuliza.

Akaivuta leso, akaifunika mashine vizuri.

Ijumaa atakupigia simu. Mama, nakusihi, usimuuze ng'ombe aliyebaki.

Mola akuhifadhi. Nina hamu na chai yako ya maziwa.

Mwanao,
Mwanaisha