Kapsuli Saba za Jumapili

Jumanne, 4 Februari 2025

Nimetia sahihi. Kurasa kumi na nne, na kila ukurasa nimeuliza swali mpaka muuguzi Waringa akavuta kiti akakaa. Mwalimu wa hesabu hatii sahihi kitu asichokielewa!

Daktari Ndung'u ameeleza polepole. Dawa mpya ya selimundu, ugonjwa wa damu aliozaliwa nao mwanangu, bado inajaribiwa. Nusu ya watoto watapata dawa yenyewe, nusu watapata kapsuli zisizo na dawa ndani, rangi ileile. Kompyuta ndiyo inayopanga. Hata yeye hajui nani amepata nini. Nguvu ya dawa inapangwa kwa kilo za mtoto. Byron wangu ana ishirini na saba.

Nikamuuliza, na kama mwanangu amepata za unga tu? Akasema ataendelea na matibabu yake ya kawaida, na atakuwa amesaidia wengine. Wengine! Mimi ninaye mmoja.

Kwenye benchi nimekaa na Mama Wendy, anauza mitumba sokoni Mamboleo. Binti yake ana miaka saba, mwembamba, kilo kumi na saba. Yeye pia ametia sahihi. Hakuuliza swali hata moja. Tumepeana namba za simu.

Jumatano, 12 Februari

Byron amelia tangu asubuhi. Mikono, kisha mgongo. Shuleni nimeomba ruhusa, mwalimu mkuu akaguna. Agune tu. Nimemkanda, nimempa maji, nimempa ya maumivu. Ameniuliza, "Mama, hii dawa mpya imelala?"

Kapsuli nane amekwisha kumeza. Ndiyo hiyo basi, tumeangukia za unga. Sisi na bahati hatujawahi kusalimiana.

Jumapili, 16 Februari

Wazo ni la Mama Wendy. Au langu? Tuseme letu.

Baada ya kanisa nimepitia kibandani kwake. Wendy pia alishikwa na maumivu juzi. Mama Wendy akasema, "Mwalimu, hii kitu ni bahati nasibu, na mimi siwezi cheza hiyo na mtoto. Nipe saba za Byron, nikupe saba za Wendy. Wiki moja anakunywa zake, wiki moja za mwenzake. Kama chupa moja ni ya ukweli, wote wamepata."

Na kama zote ni za ukweli? Mungu ametubariki mara mbili, akasema. Na kama zote ni unga? Akaanza kukunja masweta.

Nimeipiga hesabu kwa kalamu, mara mbili. Nafasi yetu inatoka nusu inafika robo tatu. Kapsuli zinafanana, kila mtoto moja kwa siku, idadi haipungui. Waringa akihesabu zilizobaki hataona kitu. Tumezifunga kwenye karatasi ya daftari langu. Nimerudi nyumbani Otonglo kama mwizi wa kuku.

Jumanne, 8 Aprili

Kliniki. Wiki saba bila maumivu! Byron hajawahi kufikisha hata tatu.

Daktari ameuliza kama anameza kila siku. Kila siku, nimesema. Si uongo. Waringa amemwaga zilizobaki kwenye sahani, amehesabu, ameweka alama. Kisha akanisifu — wazazi wote wangekuwa kama mimi, utafiti ungekuwa mteremko! Nimeangalia sakafu. Inahitaji kupigwa deki ile sakafu.

Jumapili, 25 Mei

Byron amecheza mpira. Golini, lakini amecheza! Amerudi na matope mpaka masikioni. Nimemfokea, halafu nimeingia jikoni nikalia kama mjinga.

Mama Wendy amesema Wendy ana vidonda mdomoni na homa kidogo. Malaria tu, amesema. Nilitaka kusema amwambie daktari. Lakini daktari angeuliza maswali. Tumebadilishana kama kawaida.

Jumanne, 10 Juni

Kliniki. Siku mbaya. Damu ya Wendy imeonyesha chembe nyeupe, zile za kupigana na magonjwa, zimeshuka vibaya. Daktari ameichukua chupa yake. Asimeze tena mpaka ijulikane.

Mama Wendy amenifuata mpaka chooni. "Yake wamechukua. Tumebaki na yako." Nikamwambia tupumzike kwanza, mtoto anaumwa. Akasema, "Pumzika wewe. Wako anacheza mpira."

Nikampa. Saba. Kwa nini nilimpa? Aibu, nadhani. Nilijiona nimebeba sufuria peke yangu huku mwenzangu amekaa na sahani tupu.

Alhamisi, 12 Juni

Wendy amelazwa. Homa imepita thelathini na tisa. Nimempigia mama yake, nikamuuliza kama amempa. "Mbili tu, Mwalimu. Jana na juzi."

Nimeshindwa kusahihisha madaftari. Nimetoa ile fomu ya Februari, nikaisoma upya. Ukurasa wa tano. Nguvu ya dawa inapangwa kwa kilo. Kapsuli ya mtoto wa kilo ishirini na saba, ndani ya mtoto wa kumi na saba! Kila siku nawafokea watoto wa darasa la nne — umesoma swali lote? Lote? Na mimi nilihesabu kapsuli. Kilo sikuzihesabu.

Byron amelala vizuri, mdomo wazi. Naogopa hata kumwangalia.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika kwenye benchi la wodi ya watoto. Nimefika saa tatu.

Mama Wendy ametoka kwa daktari sasa hivi. Wamefungua siri ya namba ya Wendy kwenye kompyuta, wajue alipewa nini. Zake zilikuwa za unga! Kwa hiyo daktari amemwambia si dawa iliyoshusha zile chembe, lazima watafute sababu nyingine. Saa nne na nusu watamdunga sindano kwenye mfupa wa nyonga, watoe uboho, waangalie kama ni saratani ya damu. Amepewa karatasi. Ametia sahihi.

Na alikuwa akitabasamu. Ameniinamia akanong'ona, "Kumbe yako ndiyo ya ukweli! Zile tano ziko kwa mkoba. Wakimaliza hiyo sindano, tutaendelea pole pole."

Nimemweleza habari ya kilo. Nimemwandikia namba kiganjani, 27 na 17. Nimemwambia ni sisi, si saratani. Amenisikiliza vizuri. Kisha akasema nikifungua mdomo watoto wote wawili watafukuzwa, na wangu ndiye atakayepoteza, wake hana cha kupoteza tena.

Ni kweli. Tangu Februari nimetaka kujua, na leo nimejua. Byron anayo. Miezi karibu minne hajalia. Nikisema wataichukua chupa, na maumivu yatarudi, na ataniuliza kwa nini. Nimjibu nini? Nikinyamaza, watamtoboa mtoto wa watu mfupa wakitafuta ugonjwa ambao mimi najua haupo, na mama yake atampa ya tatu jioni.

Nina hasira. Na yeye, na kompyuta yao, na mimi zaidi.

Saa nne na robo. Daktari Ndung'u amepita mbio. Akashangaa, leo si siku yenu, Mama Byron, kuna nini? Nimesema nina neno kuhusu Wendy. Akasema nimpe dakika mbili, anawe mikono.

Chupa ya Byron iko mapajani mwangu. Mama Wendy ameiona. Ameshika mkono wangu wa kushoto, hauachii. Kiswahili kimemwisha, ananisihi kwa Kibukusu, nami sijui Kibukusu. Neno ninalolielewa ni moja, jina la Byron. Analirudia, analirudia. Maji yamenyamaza kule ndani. Daktari anauliza ni neno gani hilo, na mimi nimesimama, na kwa mkono huu wa kalamu namnyooshea chupa.