Glavu Nilizokutumia, Mjomba

Nechells,
Birmingham.
9 Novemba 2024

Mpendwa Mjomba Mwadini,

Asalamu alaykum, na shikamoo nyingi. Mkono unaendeleaje? Umeshaweza kushika tonge, au bado Mkazamjomba Mwanasiti anakulisha? Sie huku wazima, baridi tu imeshaanza kututia adabu.

Barua hii atakupa Ridwan, jirani yangu, pamoja na furushi. Kwa simu nimejaribu mara tatu, kila mara nikaishia kuuliza bei ya nazi. Nina haya, Mjomba.

Zile glavu dazeni nilizokutumia kwa kazi yako ya betri ni za watu wa mabati. Zimefumwa, zinazuia kukatwa, basi. Nilizivaa kiwandani nikaziona madhubuti, na kwenye simu nikajitia bingwa: "Vaa tu, Mjomba, hizi haziogopi kitu." Wallahi sikumuuliza mtu. Nilitaka tu isemwe hapo gereji kwamba Maisara kaleta vitu vya maana.

Wiki mbili nyuma wamenihamishia chumba cha betri za foklifti, yale magari ya kunyanyulia mizigo. Nikaingia na glavu zangu zilezile. Mama Kulwinder, mkuu wa chumba, kanidaka mkono sijagusa kitu. Kanambia asidi inapenya kwenye uzi, halafu inakaa humo humo na ngozi. Nikazivua palepale, maana nilikuwa nakuona wewe.

Wewe ulimwambia kila mtu kuwa siku ulipoungua ulikuwa mikono mitupu. Nami nikaamini, tena nikakusema kwa dada yangu Aida: "Mzee mbishi huyo!" Juzi nimeifungua tena picha aliyonitumia Aida, wewe na bandeji yako. Nyuma yako, msumarini, inaning'inia glavu yangu, vidole vimelika. Ulinisitiri, Mjomba, na mimi huku nakusengenya. Nimelia jikoni mpaka wali ukaungua.

Jana nimempigia fundi wako Haroun, aache kuzivaa. Kacheka! Ati, "Mjomba mwenyewe kasema glavu nzuri, kosa lake hakuvaa." Kesho atatia mikono kwenye asidi kwa neno lako, na neno hilo umelisema kwa ajili yangu.

Furushini mna glavu za mpira mzito, zinafika kiwikoni. Kabla ya kuvaa zipulizeni. Ikitoka pumzi, tupeni. Zile nyingine wapeni mafundi mabati.

Sasa nakuomba, Mjomba wangu. Mwite Haroun na wenzake, waonyeshe mkono wako, kisha wasomee barua hii yote. Usiruke pale nilipojitia bingwa.

Nisalimie Mkazamjomba na Aida. Mola akuponye, akuzidishie umri wenye heri. Nikija nitaubusu mkono huo huo ulioungua, ukikubali kunipa.

Mwanao akupendaye, mwenye kukuomba radhi,
Maisara