Gari la Marehemu

Majengo, Jumanne usiku, Agosti 1996

Viti vinanuka dagaa. Vile viti laini vya ngozi alivyovipenda marehemu mume wangu! Mdogo wake, Petro, ameazima gari akapakia magunia ya dagaa kutoka Karema, na hata kufuta vumbi hakufuta.

Nilimwambia, "Shemeji, hili gari nalitunza mimi. Oili nabadilisha mimi."

Akacheka. "Gari ni la kaka yangu. Wewe uliolewa tu hapa." Akaondoka na funguo, gari akaliacha uani.

Nililia. Kisha nikafungua boneti, nikang'oa betri, nikaificha chini ya kitanda.

Jioni akarudi kulichukua tena. Halikuwaka. Akanitukana mbele ya wanangu.

Funguo anazo yeye, betri ninayo mimi. Jumapili tutakwenda kanisani kwa miguu.