Kamba Nyekundu Iliyofunga Ndama

Duka la Dawa za Mifugo,
S.L.P. 417,
Kitengela.

14 Juni 2024

Mpendwa ndugu yangu Lemein,

Sopa! Itikia kwa sauti, hata kama huko Halifax hakuna wa kukusikia isipokuwa mkeo. Hamjambo nyote? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua ukivuta maboti ya watu hapo gatini umepoa? Watoto wanaendelea kukua, au baridi imewarudisha chini? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Yeyo, mama yetu, naye ni mzima, ila masikio yake siku hizi yanachagua. Ukimwambia ameze dawa hasikii, lakini mtu akitaja jina lako nje ya lango anauliza umefika saa ngapi.

Mvua ilitunyea mpaka tukaomba ikome, sisi watu wa Kajiado, hebu fikiria. Nyasi zimefika magotini. Dawa za minyoo zinaisha dukani kabla sijazipanga, na maziwa yamekuwa mengi hata paka wanaringa. Hizo ndizo habari njema, na zimeisha.

Utashangaa mbona nakuandikia kwa karatasi na kikundi cha familia kiko kwenye simu. Kwenye simu ungenijibu kwa ile picha ya mikono inayoomba, halafu ungerudi kazini. Tena kuna kitu nataka ukishike. Kwa hivyo nimempa bahasha hii Eunice, binti ya jirani yetu mama Ndulu, anayekuja huko kusoma. Nimemwambia asikupe mkiwa njiani, akupe ukiwa umeketi.

Nimeusikiliza ule ujumbe wa sauti uliotutumia baada ya mazishi. "Nimeambiwa alikuwa amekunywa. Inauma, lakini mtu mzima hujichagulia." Nani alikuambia, Lemein? Huyo ni Metito unayemzungumzia, ndugu yetu aliyebaki na yeyo wewe ulipoondoka. Metito aliacha pombe kabla hajaoa. Alikuwa akienda kwenye harusi za watu na chai yake ndani ya chupa, ili mtu asimsukumie glasi. Nilikasirika hata nikafunga duka mchana, nikaketi nyuma kwenye magunia ya chumvi ya ng'ombe.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana uliyoyasikia yamepitia mdomo wa mtu mwenye haja nayo.

Jumapili ile walikuja wageni kutoka Rongai, mama mmoja anayeitwa Virginia na wanawe watatu, watu wazima. Walitaka kuzungushwa bwawani, pale pale Mashuuru, kwenye maji ambayo babu aliyachimbia ng'ombe na wewe ukayaletea boti. Metito aliwavalisha majaketi ya kuokolea maisha, akawafunga mikanda mmoja mmoja kwa mikono yake, akavaa na la kwake. Maji yalikuwa yamepanda mpaka yakafunika ule ua wa zamani wa nguzo za mwerezi. Boti ikiwa mbio ilipanda nguzo moja iliyojificha chini ya maji, ikaruka. Wageni walikuwa wameketi, wakabaki ndani. Metito alikuwa amesimama kwenye usukani, akarushwa nje.

Hapo ndipo injini ilipaswa kuzima. Haikuzima. Usukani ulijipinda wenyewe na boti ikaanza kuzunguka bila mtu, kwa kasi ile ile, na yeye yuko njiani mwake. Unajua ndiye peke yake aliyejua kuogelea katika boma letu lote. Angepiga mbizi akapona. Lakini jaketi halikumruhusu kuzama, lilimshika juu ya maji mpaka boti iliporudi, na lile panga la injini linalozunguka chini ya maji likampata.

Virginia alikuja mazishini, akaniambia alikuwa akipapasa kila mahali akitafuta ufunguo, kama wa gari. Hakuna aliyewahi kuwaonyesha abiria injini inazimwa wapi. Alisema pia kwamba mtu aliyemfunga mkanda alikuwa ananuka sabuni. Sabuni, Lemein, si pombe. Boti ilizunguka mpaka ikapanda tope pale ng'ombe wanaponywea, ikanguruma hapo hadi mtu alipong'oa mpira wa petroli.

Sitakuandikia jinsi tulivyomtoa. Nitakuambia tu kwamba Soipan, mkewe, aliingia majini na nguo zake mpaka kifuani, na yeye hajui kuogelea. Ilibidi tumshike wanne.

Sasa rudi nami kwenye siku tuliyoizindua ile boti. Ulikuwepo, ndani ya simu, Emmanuel kitinda mimba wetu amekuinua juu uone umati. Ulimwambia Metito ajifunge mkononi ile kamba nyekundu ya kujiviringa, ambayo mwisho wake una kipande cha plastiki kinachoshika swichi. Ukasema nahodha akianguka kamba inang'oa kile kipande, injini inazima papo hapo. Uliyasema vizuri, nami nilikusikia kutoka kwenye masufuria. Metito akajifunga. Lakini kila alipoinuka kuwapa wazee soda, injini ikawa inazima, na watu wanacheka.

Ndipo baba mdogo Parsaloi akasimama, bado ana kisu cha kukatia nyama mkononi. Akasema, "Wewe Metito, umefungwa kamba kama ndama? Hii mashine ndio mamako? Mwanaume hafungwi." Akaikata. Kile kipande cha plastiki kikabaki kwenye swichi, na injini ikaendelea kunguruma vizuri sana. Wanawake wakapiga vigelegele. Sisi tulicheka, Lemein, na tulicheka kwa sababu hatukujua ni nini kilichokatwa. Wewe ulijua. Nawe ukacheka, ukasema, "Haya baba mdogo, wewe ndiye mkubwa."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyolelewa. Metito alisikia la mkuu.

Soipan ananiambia mumewe alikuomba kamba nyingine, tena si mara moja. Ulimjibu kwamba ni kitu kidogo, utakituma pamoja na viatu vya watoto. Viatu vilifika. Vinawatosha, asante.

Mazishini baba mdogo alishika kipaza sauti akatuambia ajali haina kinga. Nilikuwa nimeketi nyuma yake na nikatamani kumvuta koti. Hii ilikuwa na kinga, ilikuwa nyekundu, na aliikata yeye. Polisi walipouliza habari za kamba, alisema Metito mwenyewe aliing'oa kwa ulevi, ikapotelea majini. Wale wengine wote waliokuwepo siku ya uzinduzi, wazee wazima na akili zao, ghafla hawakumbuki kitu. Wanakumbuka mbuzi aliyechinjwa mwaka wa ukame wa babu, lakini hawakumbuki kamba ya juzi.

Unajua mila yetu, marehemu hatajwi jina. Basi wanaishika kweli kweli. Hawalitaji jina lake, ila ulevi wake wanautaja kutwa. "Yule aliyekunywa." "Yule wa pombe ya bwawani." Kanisani wamemwambia Soipan apumzike kidogo kuongoza kwaya. Binti yake aliniuliza dukani, mbele ya wateja, kama baba yake alikuwa mlevi, na ilibidi nijifanye natafuta kitu chini ya meza.

Nilipojaribu kusema katika kikao cha kwanza cha wazee, baba mdogo alinikata mbele ya wote. "Mambo ya boti ni ya wanaume. Wewe Tabitha endelea na minyoo." Wakacheka tena. Boma letu linapenda kucheka.

Nikaendelea na minyoo kama nilivyoagizwa. Nilipeleka dawa kwa baba mdogo mwenyewe, jioni wakati wa kukamua. Mama mdogo Naisula alikuwa akikamua ng'ombe mweupe, na ndama amefungwa pembeni asimalize maziwa. Amefungwa kwa kamba nyekundu ya kujiviringa. Kila ndama akivuta, kamba inarefuka, anafika kwenye chuchu, inamrudisha. Nilisimama na chupa za dawa mkononi nikaitazama. Nikamwomba mama mdogo tubadilishane, nimpe kamba nzuri ya katani kutoka dukani. Akasema, "Chukua tu mwanangu. Hata ndama mwenyewe haimsaidii." Halafu akainamisha uso kwenye ubavu wa ng'ombe na hakuniangalia tena. Anajua, yule mama. Ila analala katika nyumba ile.

Kwa hivyo kamba haikupotelea majini. Haijawahi hata kulowa. Itazame mwisho wake ule mmoja: haikukatika kwa kuvutwa, imekatwa kwa kisu, sawasawa, kama mtu anavyokata mtura, ule utumbo wa kujazwa nyama.

Kikao cha mwisho ni mwishoni mwa mwezi ujao. Wazee wanataka kulifunga jambo hili, na wakilifunga itakuwa ni pombe, na pombe itabaki juu ya Soipan na watoto mpaka wajukuu. Na ikiwa ni pombe, basi boti haina kosa. Tayari inatengenezwa. Nahodha mpya ni Emmanuel, na baba mdogo ndiye anayemfundisha. Kile kipande cha plastiki bado kiko pale pale kwenye swichi, hakina kamba.

Umesikia sasa ninachotaka? Sitaki pole wala picha ya mikono. Wewe ndiye kifungua mimba, boti ni yako, na kazi yako ni boti. Mimi nikisema ni mama wa minyoo. Wewe ukisema watanyamaza. Nataka wakupigie simu, waiweke mezani na sauti juu, nawe uwaeleze kamba ilikuwa ya nini na nani aliikata, ukiwa umeishika mkononi. Na uwaambie kwamba ulikuwepo ukacheka. Hilo ndilo litakalokuuma, najua, na ndilo litakalowafanya wakuamini.

Ukimaliza hayo, waambie yale uliyopaswa kutuambia kabla ya kutuletea mashine ya majini, sisi watu wa nchi kavu. Kwamba abiria waonyeshwe swichi kabla boti haijatoka. Kwamba maji yakipanda mtu huenda polepole, kwa sababu hajui yamefunika nini. Ile miti ya ua ilipaswa kung'olewa wakati wa kiangazi, tulipoweza kuifikia kwa miguu. Kwamba nahodha huketi, hasimami kama mbunge kwenye gari la kampeni. Na kwamba mzee huheshimiwa mahali pengine popote, lakini ndani ya boti mkubwa ni yule aliyefungwa kamba. Bila hayo boti yako iuzwe, au tuipindue iwe hori la kunyweshea mbuzi. Watakunywa bila kumuua mtu.

Najua kumpinga baba mdogo si jambo rahisi. Ndiye aliyekulipia shule, na mbele yake bado unainamisha kichwa akushike utosini, hata kwa simu. Mimi pia nilikuwa nampenda. Lakini Metito naye aliinamisha kichwa, na tumemzika.

Yeyo anakusalimu, na anasema uvae soksi. Emmanuel anakusalimu, hajui kama nimekuandikia. Mama mdogo Naisula alinipa salamu zako kwa sauti ya chini, nami nazituma kwa sauti ya chini. Soipan hakukutumia salamu. Nilimsubiri nikiwa nimeshika kalamu, akaendelea kukunja nguo za watoto. Msalimie mkeo sana, mbusu kila mtoto, na Enkai, Mungu wetu, awafunike kwa baridi hiyo na kwa maji hayo unayofanyia kazi. Na wewe ujifunge kamba kila siku. Nakuomba kama dada.

Kamba hii sijaiosha. Ukiifungua bahasha itanuka ndama, na ndivyo ninavyotaka. Simu yao ikiingia, kabla ya salamu za wazee, kabla ya neno lolote, anza na jina lake. Sema: Metito.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata mwezi huu,

Tabitha